Tramu za Croydon: reli kuukuu iliyogeuzwa, na kile ambacho hakikugeuka

Anayetaka kuona kwa macho yake jinsi reli ya zamani inavyogeuzwa kuwa njia ya tramu, apandie Wimbledon, kusini magharibi mwa London, na ashukie East Croydon, katika mji wa Croydon, kusini mwa London. Katika safari hiyo moja atapita juu ya tuta la reli ya karne ya 19, atavuka barabara zilizokuwa na mageti ya treni, kisha atajikuta katikati ya mtaa wa maduka huku mabasi yakipita ubavuni. Mtandao huu ulifunguliwa Mei 2000. Una kilomita 28 na vituo 39, na sehemu kubwa ya njia zake ilirithiwa kutoka kwa reli zilizokuwa zinakufa au zilizokwisha kufa.

Kwa anayesafiri kila siku, hii ni huduma nzuri: nauli nafuu, hakuna ngazi, na tramu huja bila kungoja sana. Kwa upande wa uhandisi, ubora wake unapanda na kushuka kulingana na jambo moja, yaani waliojenga walithubutu kiasi gani kubomoa urithi wa reli. Walipobomoa, abiria ananufaika hadi leo. Walipouacha urithi huo bila kuutafakari upya, gharama ilikuja baadaye, na mara moja ilikuja kwa maisha ya watu.

Kipande cha Wimbledon hadi West Croydon kilifunguliwa kwa treni mwaka 1855, na sehemu yake ilifuata mkondo wa reli ya magari ya kukokotwa na farasi iliyoanza 1803 katika bonde la mto Wandle. Miaka ya mwisho palibaki treni moja ya mabehewa mawili ikienda na kurudi, na abiria aliyeikosa alingoja robo tatu za saa hivi. Treni ziliondolewa Mei 1997. Upande wa mashariki, reli iliyopita Woodside kuelekea Selsdon ilikuwa imefungwa tangu 1983, na mahandaki yake matatu yalikuwa yamekaa bure. Hayo ndiyo tramu inapitia sasa ikielekea New Addington.

Badiliko la kwanza ambalo abiria analiona ni idadi ya vituo. Kati ya Wimbledon na mji wa Croydon treni ilikuwa na vituo sita vya katikati: Merton Park, Morden Road, Mitcham, Mitcham Junction, Beddington Lane na Waddon Marsh. Tramu ina kumi na viwili. Vilivyoongezwa ni Dundonald Road, Phipps Bridge, Belgrave Walk, Therapia Lane, Ampere Way na Wandle Park. Ampere Way iko karibu na mabomba mawili ya moshi ya kituo cha zamani cha kuzalisha umeme, na leo watu hushuka hapo kwenda dukani IKEA.

Watu huuliza kama vituo vingi havichelewishi safari. Vinachelewesha, lakini kwa kiasi kinachohesabika. Tramu inayokwenda kilomita 70 kwa saa, ikifunga breki kwa kipimo cha 1.3 na kuongeza mwendo kwa kipimo cha 1.2 (mita kwa sekunde, kila sekunde), hupoteza sekunde 15 au 16 kwa kupunguza na kupandisha mwendo. Ongeza sekunde 20 za milango kuwa wazi, unapata kama sekunde 35 kwa kituo. Vituo sita vya ziada ni dakika tatu na nusu. Anayekaa Phipps Bridge, ambaye zamani ilimlazimu kutembea hadi Morden Road au Mitcham na kungojea treni isiyofika, anaokoa muda mwingi kuliko huo kabla hata hajapanda. Reli ya zamani ilihesabu dakika za chombo. Tramu inapaswa kuhesabu dakika za mtu, kuanzia mlangoni kwake.

Sasa tuje kwenye majukwaa, kwa sababu hapo ndipo uamuzi mkubwa kuliko yote ulipofanyika. Jukwaa la kawaida la treni Uingereza lina kimo cha milimita 915 hivi juu ya reli. Tramu za Croydon ni za sakafu ya chini, na majukwaa yake yana kimo cha milimita 350 hivi. Huwezi kuwa na vyote viwili kwenye njia moja. Ama ubomoe majukwaa yote ya zamani, ama uyaache na ununue tramu za sakafu ya juu.

Manchester, waliofungua mtandao wao mwaka 1992 kwa kugeuza reli za Bury na Altrincham, walichagua kuyaacha majukwaa ya treni. Waliokoa fedha kwenye stesheni za zamani, lakini walipofika katikati ya mji ikawalazimu kujenga majukwaa marefu ya kwenda juu katikati ya mitaa. Msomaji aliyepanda mwendokasi Dar es Salaam anajua kituo cha jukwaa la juu kinavyokula nafasi ya barabara. Hesabu yake ni hii: mteremko wa kiti cha magurudumu wa 1 kwa 20 unaopanda milimita 350 unahitaji mita 7. Ukipanda milimita 915 unahitaji zaidi ya mita 18 kila upande unapowekwa mteremko. Tramu yenyewe ina urefu wa mita 30. Kwa hiyo kituo cha juu mtaani huwa na mteremko unaozidi nusu ya urefu wa chombo, na maduka yaliyo nyuma yake yanabaki kutazama ukuta.

Croydon walibomoa. Walijenga majukwaa ya chini kila mahali, hata palipokuwa na jukwaa zima la treni. Matokeo yake ni kwamba mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye fimbo na mtu wa kiti cha magurudumu wanaingia sawa na wengine, bila kumwita mhudumu na bila ubao wa kuvukia. Mlango unalingana na jukwaa. Katika huduma nzima hili ndilo linalostahili alama za juu kabisa, na mji wowote unaofikiria kugeuza reli yake ungeanza na swali hili kabla ya kuuliza bei ya tramu. Ukishanunua magari, kimo cha sakafu kimekufunga kwa miaka 30.

Umeme nao ilibidi ubadilishwe wote. Njia ya Wimbledon ilikuwa ikitumia reli ya tatu tangu 1930, yaani chuma chenye umeme kinacholazwa chini kando ya njia. Chuma hicho hakiwezi kuwekwa mahali watu wanavuka kwa miguu. Kiliondolewa, na pakawekwa waya wa juu wenye volti 750 za mkondo mnyoofu. Ni volti ndogo mno ukilinganisha na 25,000 za SGR ya Tanzania, na ndiyo sababu zinafaa mtaani: waya unaweza kupita karibu na majengo na chini ya madaraja ya chini bila kuhitaji nafasi kubwa. Hasara yake ni kwamba volti ikiwa ndogo, mkondo unakuwa mkubwa na umeme unapungua nguvu haraka njiani, hivyo vituo vya kulisha waya lazima viwekwe kila baada ya umbali mfupi, si kila makumi ya kilomita kama kwenye reli kuu.

Pana jambo lingine linalosahaulika katika makisio ya bei. Umeme wa mkondo mnyoofu hurudi kituoni kupitia reli zenyewe. Reli iliyolazwa juu ya mataruma na kokoto safi haivujishi sana. Reli iliyozikwa barabarani, ikigusana na udongo wenye unyevu, huacha umeme utoroke na kufuata mabomba ya maji na gesi, na pale unapotoka kwenye bomba kurudi kwenye reli, chuma huliwa. Kwa hiyo reli za mtaani huvikwa ganda la mpira kabla ya kumwagiwa zege. Kipande cha mtaani kinaweza kuwa kifupi kuliko cha reli ya zamani na bado kikameza fedha nyingi zaidi, kwani kabla ya zege kumwagwa, mabomba na nyaya zote zilizo chini ya njia lazima zihamishwe. Asiyezihamisha atakuja kufunga huduma kila bomba linapopasuka.

Gurudumu nalo lina masharti yake. Ukingo wa gurudumu la treni hushuka karibu milimita 30 chini ya uso wa reli, na ni mnene. Reli ya mtaani ina mfereji mwembamba, kwa sababu ukiuweka mpana tairi la baiskeli linaingia na mwendeshaji anaanguka. Gurudumu la treni halikai vizuri humo. Gurudumu la tramu nalo, likipelekwa kwenye makutano ya reli ya treni, linaweza kutumbukia kwenye mwanya ulioachwa kwa ajili ya ukingo mkubwa. Chombo kinachotumia kote kuwili kinahitaji umbo la gurudumu lililochongwa kwa maafikiano, na swichi za njia lazima zilingane nalo. Mambo haya yakikosewa, dalili huja polepole: kelele kwenye kona, reli kuwa na mawimbi madogo juu yake, magurudumu kwisha kabla ya wakati.

Kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zina reli nyingi za zamani za upana wa mita moja, tuseme wazi kwamba upana huo peke yake hauzuii tramu. Tramu za Zürich na Basel hutembea juu ya milimita 1,000 zilezile. Vinavyozuia ni ardhi ya akiba iliyovamiwa, makalvati yaliyoziba, na njia moja isiyo na mahali pa kupishana.

Kwenye makutano ya reli na barabara, Croydon waliondoa mageti. Merton Park na Beddington Lane sasa zina taa za barabarani. Tramu inapokaribia hugunduliwa na vifaa vilivyo njiani, taa za magari zinageuka nyekundu, na dereva wa tramu huoneshwa mstari mweupe uliosimama wima. Magari husimama kwa sekunde chache tu badala ya kungoja geti literemke, treni ipite, na geti lipande. Hili linawezekana kwa sababu tramu huendeshwa kwa macho: dereva anatakiwa aweze kusimama ndani ya umbali anaouona. Treni haiwezi hivyo. Tramu inaweza kwa kuwa, mbali na breki za kawaida, ina vipande vya sumaku vinavyoshuka na kung'ang'ania reli wakati wa dharura.

Lakini kuendesha kwa macho kuna sharti lake, na hapa tunafika Sandilands, mahali pa ajali ya mwaka 2016.

Tramu inayotoka New Addington hupita mahandaki matatu ya reli ya zamani, jumla karibu nusu kilomita. Njia ni nyoofu, nayo ilijengwa kwa treni, hivyo mwendo ulioruhusiwa ulikuwa kilomita 80 kwa saa. Mara tu baada ya handaki la mwisho, tramu inaacha njia ya reli na kukata kona kali ya kushoto, yenye nusu kipenyo cha karibu mita 30, ambako mwendo ni kilomita 20. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2016, kukiwa na giza na mvua, tramu iliingia kona hiyo ikiwa kwenye kilomita 73 kwa saa. Ilipinduka. Watu 7 walikufa, na wengi wa waliobaki walijeruhiwa. Uchunguzi rasmi uliona kwamba huenda dereva alipoteza utambuzi wa mahali alipo, pengine kwa kusinzia kwa muda mfupi.

Hesabu inaonesha kwa nini hapakuwa na nafasi ya kujisahihisha. Kutoka kilomita 80 hadi 20 kwa breki ya kawaida ya nguvu kunahitaji kama mita 180. Kibao cha 20 kilisomeka kutoka umbali mfupi kuliko huo. Maana yake dereva alitakiwa kuanza kufunga breki kwa kukumbuka, akiwa ndani ya handaki, wala si kwa kuona. Na kwa mwendo wa 73 kwenye kona ya mita 30, nguvu ya kusukuma kando inazidi uzito wa chombo chenyewe. Hakuna tramu inayobaki wima hapo.

Tatizo hili limo katika kila mradi wa aina hii, kwa sababu mahali ambapo reli ya zamani inakutana na mtaa ndipo kipande chenye kasi kubwa kuliko vyote kinapokutana na kona kali kuliko zote. Kwenye reli ya treni mahali kama hapo pangekuwa na ishara na mtambo wa kufunga breki wenyewe. Mtaani pangekuwa na mwendo mdogo tangu mwanzo. Hapa palichukuliwa mwendo wa reli na usimamizi wa mtaa, na pengo la katikati likaachiwa kumbukumbu ya mtu mmoja saa kumi na mbili asubuhi.

Baada ya ajali, mwendo wa juu uliteremshwa hadi kilomita 70. Vibao vya mwendo viliwekwa vya kushuka hatua kwa hatua badala ya kuruka kutoka mkubwa hadi 20. Kona zikawekewa alama za mishale. Kikafungwa kifaa kinachoangalia macho na uso wa dereva na kumshtua akianza kusinzia, na baadaye mtambo unaofunga breki wenyewe tramu ikizidi mwendo mahali pa hatari. Madirisha yaliwekewa utando imara zaidi, kwa kuwa wengi waliokufa au kuumia vibaya walitupwa nje vioo vilipovunjika. Mwaka 2023 mahakama iliitoza TfL, mamlaka ya usafiri ya London, faini ya pauni milioni 10 na kampuni ya uendeshaji pauni milioni 4. Hatua zote hizo ni sahihi, na zote zingeweza kuwekwa kwenye michoro kabla ya tramu ya kwanza kutembea. Mji unaopanga mradi kama huu uziandike kwenye mkataba wa kwanza, siyo kwenye taarifa ya uchunguzi.

Urithi mwingine unaoudhi, ingawa hauui, ni njia moja. Kati ya Birkbeck na Beckenham Junction, reli ya njia mbili iligawanywa: moja ikabaki ya treni, nyingine ikapewa tramu. Tramu hupishana Avenue Road. Moja ikichelewa, ile inayokuja kinyume hungoja, na ucheleweshaji unahamia upande wa pili wa mtandao. Hakuna ratiba inayotibu jambo hilo. Ni nafasi ya njia ya pili tu. Kati ya Mitcham na Mitcham Junction waliongeza njia ya pili mwaka 2012, na mwaka 2015 wakaongeza uwezo wa kuingia Wimbledon, ambako sasa tramu mbili zinaweza kusimama kwa wakati mmoja. Kuongeza njia baada ya huduma kuanza kunalazimu kufunga sehemu ya mtandao na kuwapakia abiria kwenye mabasi. Nafasi ya tuta ikiwepo mwanzoni, njia mbili zijengwe mwanzoni.

Kwa anayekwenda kupanda, haya ndiyo ya kujua. Fedha taslimu hazipokelewi na mashine za tiketi ziliondolewa. Gusisha kadi ya Oyster (kadi ya malipo ya usafiri wa London) au kadi ya benki kwenye kisomeo cha jukwaani kabla ya kupanda. Nauli ni moja popote uendapo. Machi 2023 ilipanda hadi pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu mguso wa kwanza unaweza kubadili tramu na mabasi bila kulipa tena, mradi uguse kadi ileile kila unapopanda. Kushuka hakuhitaji mguso. Wakaguzi wapo, na faini ni pauni 100, nusu yake ukilipa ndani ya siku 21.

Wimbledon ndiko wageni wanakokosea, kwa sababu jukwaa la tramu liko ndani ya mageti ya stesheni ya treni. Ukitoka mtaani kwenda kwenye tramu, gusa getini, kisha gusa tena kwenye kisomeo cha jukwaa la tramu, la sivyo mfumo unadhani uko kwenye treni na utakukata nauli ya juu. Ukifika Wimbledon kwa tramu na unatoka nje, gusa getini tu.

Katikati ya Croydon tramu huzunguka kwa upande mmoja. Anayetaka kwenda Wimbledon asisimame West Croydon, kwani kila tramu ya hapo inaelekea East Croydon. Aende Church Street au George Street. Vivyo hivyo, Reeves Corner husimamiwa na tramu zinazotoka Wimbledon peke yake.

Baiskeli hairuhusiwi isipokuwa ikikunjwa, na vyoo havimo. Magari ni ya aina mbili. Yale ya Bombardier yaliyoanza na mtandao mwaka 2000 yana viti 70, na umri wake unajulikana kwa mtikisiko na kwa siku ambazo machache mno yako tayari kazini. Yale ya Stadler, yaliyoanza kuja 2012, yana urefu wa mita 32 na zaidi kidogo na viti 72. Saa za msongamano, anayepandia East Croydon kuelekea New Addington asitarajie kiti kwenye aina yoyote. Asogee mlango wa mwisho wa jukwaa, ambako huwa na nafasi kidogo ya kusimama.